Mkono Usiokuwa Wake

Mama Vifungo alikuwa amekwisha kufa mara nyingi kwenye televisheni. Alikufa kwa kikohozi, alikufa kwa presha, aliangukiwa na ukuta, na safari moja alikufa kwa aibu tu akiwa amekaa kwenye kiti, kwa sababu siku hiyo kundi lao la maigizo lilikuwa halijapata kitanda cha kuazima. Alipokuwa hafi, alikuwa analoga. Na kama halogi, basi ni mama mkwe aliyesimama mlangoni, mikono kiunoni, anamfukuza mke wa mwanawe huku mvua inanyesha.

Kazi yake hasa ilikuwa ushonaji. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na makopo ya vifungo yaliyopangwa dirishani kwa rangi. Huko kwenye michezo aliingia kwa ajili ya mtoto wa dada yake. Dada alifariki akamwachia kijana huyo akiwa bado ana meno ya utotoni, naye akamlea pamoja na binti yake wa pekee, sahani moja, kitanda kimoja, na kofi moja kila walipokosa pamoja. Kijana alipokua alipenda kamera. Akaunda kundi, akaanza kupeleka michezo yake kwenye kituo cha televisheni, na watu wakaacha kumwita jina lake wakamwita Dairekta. Siku aliyokosa mtu wa kucheza bibi mchawi alimjia mama yake mdogo akapiga magoti sakafuni, nusu utani, nusu kweli.

"Mama Mdogo, nisitiri. Siku moja tu."

Siku moja ikawa miaka.

Wanaume wa rika lake kwenye kundi hilohilo walikuwa na maisha mengine kabisa. Yule mzee mwenye kitambi aliyeanza naye alikuwa leo mkurugenzi, kesho mheshimiwa, keshokutwa tajiri wa mabasi, na katika kila mchezo wasichana wawili wa rika la wajukuu zake walikuwa wakimgombea.

"Wewe mwenzangu unapendwa mpaka unachoka," Mama Vifungo alimwambia siku moja wakivaa. "Mimi hata mbwa wa mchezoni ananikimbia."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndiyo kazi, dada. Wewe unatisha, mimi napendeza."

Mchawi aliyemcheza kwa muda mrefu kuliko wote aliitwa Bi Kizingiti, mwanamke anayefukia vitu chini ya vizingiti vya nyumba za watu. Alimcheza vizuri mno, na jina likamganda mtaani kama gundi. Mteja mgeni aliingia na kitambaa chake, akamtazama usoni, akasema kumbe amesahau pochi, na hakuonekana tena. Kilichomuuma zaidi ni watoto wachanga. Mama Vifungo alipenda kupakata vitoto. Lakini kila akinyoosha mikono, mama mtu hucheka kidogo, halafu humhamishia mtoto bega la pili.

Mtu aliyeingia chumbani kwake bila kusita alikuwa Fundi Friji. Alikuwa mzee mrefu, aliyefiwa na mkewe, mwenye karakana ya kutengeneza majokofu nyuma ya duka la rangi. Alileta ovaroli yake ya kazi, mfuko umechanika. Ukashonwa. Wiki iliyofuata akarudi, mfuko uleule. Akarudi tena.

"Fundi mwenzangu," Mama Vifungo alimwambia, "huu mfuko nimeushona kwa uzi wa viatu. Hauchaniki wenyewe. Unauchana."

Mzee akaangalia dari. "Labda kidogo," akasema. "Pale mwanzoni mwa mshono."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Baada ya muda mzee hakuhitaji tena mfuko uliochanika. Alikuja, akakaa kwenye kigoda karibu na kioo, akanywa chai, akasimulia habari za majokofu ya watu na maajabu anayoyakuta ndani. Mama Vifungo alicheka mpaka anakosea mshono. Siku moja mzee aliweka kikombe chini akasema amechoka kula peke yake, na kama yeye naye amechoka, basi wachoke pamoja.

Mama Vifungo aliona aseme na binti yake kwanza. Binti alikuwa mtu mzima sasa, anakaa kwake mwenyewe, anafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akafunika uso kwa viganja.

"Mama, una miaka sitini na moja. Watu wanakuita Bi Kizingiti. Wakisikia unaolewa watasema umemlisha yule mzee dawa. Mimi nitapita wapi?"

"Utapita njia hiyohiyo unayopita kila siku."

"Si utani, mama. Mimi sikubali."

Mama Vifungo hakutaka kuolewa huku mtoto wake wa pekee amempa kisogo. Akamwambia Fundi Friji wangoje. Kisha akampelekea Dairekta shida yake, kwa sababu yeye na binti walikuwa kama kaka na dada wa tumbo moja, na kama kuna mtu wa kumlegeza yule binti, ni yeye. Alimsimulia yote bila kuficha: mfuko, kigoda, chai, namna mzee anavyobisha mlango kwa ukucha kama anayeogopa kuamsha nyumba.

"Nimekufa vya kutosha kwenye michezo yako," alimwambia. "Nifanyie mmoja watu wanione nilivyo. Mwanamke mtu mzima, anapendwa, hakuna anayecheka. Dada yako akiona, na mtaa ukiona, labda nitaolewa kwa amani."

Dairekta aliruka kutoka kitini. "Mama Mdogo! Kumbe umekaa na hadithi kama hiyo unaninyima? Safari hii hufi, hulogi. Unapendwa!" Akambusu kichwani.

Kundi lile halikuwa na maandishi. Asubuhi ya kazi Dairekta alimwita kila mtu pembeni, akamweleza kipande chake tu, akamwachia atafute maneno mwenyewe. Kipande cha mwisho kingeweza kuchukuliwa cha kwanza, kutegemea jua na nani amepata ruhusa kazini. Mchezo mzima ulikuwa kichwani mwa Dairekta peke yake. Ni kama nguo inayogawiwa mafundi, huyu mkono, yule kola, na hakuna anayejua kama linatoka gauni au koti mpaka limekwisha. Mama Vifungo alikuwa amezoea. Hata hakuuliza.

Walichukua picha humohumo chumbani mwake. Gauni alilivaa la kwake mwenyewe, jekundu la damu ya mzee, lenye lasi nyeupe kwenye ncha za mikono. Dairekta alimwomba ashone mawili yanayofanana.

"Moja likimwagikiwa chai tutafanyaje?" alisema, na ilikuwa akili ya kawaida, basi akashona mawili.

Mzee wa kitambi ndiye aliyecheza fundi wa majokofu. Safari hii hakuwa na kitu cha kujivunia ila ovaroli, na aliicheza kwa heshima. Mama Vifungo alimwekea chai mezani. Dairekta, nyuma ya kamera, alisema kwa sauti ndogo, "Sasa mtazame anavyokunywa, Mama Mdogo. Tabasamu polepole. Usiharakishe. Likutoke ndani." Likamtoka ndani. Hakuwa anamtazama mzee wa kitambi, alikuwa anamtazama Fundi Friji. Kisha Dairekta akamwambia ageuke kutazama mlangoni, kama anayesikiliza nyayo, halafu avute pazia. Alielewa kwamba ni majirani, kwamba wapendanao wanaogopa maneno ya watu. Akavuta pazia kwa huruma yake yote. Walipomaliza, mnasa sauti alivua vile vidude vya masikioni akasema, "Mama, leo umeniliza."

Mchezo ulitoka Jumapili alasiri. Mama Vifungo alisogeza meza, akaazima viti, akaita watu. Walikuja wateja wake watatu wa siku zote na jirani wa ukuta mmoja, mwanamke muuza mkaa mwenye sauti ya kuvuka barabara. Binti alisema yuko zamu. Fundi Friji alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akakaa mbele kabisa, kikombe cha chai mkononi.

Mwanzo ulikuwa kama ndoto. Mfuko ulichanika, ukashonwa, ukachanika tena. Chumba kizima kilicheka, kicheko kizuri, na jirani akamgeukia Fundi Friji. "Kumbe wewe mzee mjanja hivi!" Fundi Friji aliinamisha kichwa kama mvulana. Mama Vifungo alikuwa amesimama nyuma, karibu na cherehani, mikono kifuani, moyo unamwenda mbio kwa furaha.

Kisha muziki ukabadilika. Aliujua muziki ule. Ulikuwa wa Bi Kizingiti.

Kioo cha televisheni kikajaa mkono mmoja. Mkono uliovaa jekundu la damu ya mzee na lasi nyeupe, umeshika karatasi iliyokunjwa. Ukaikunjua, ukamwaga unga mweusi kwenye kikombe, ukakoroga. Halafu uso wake, Mama Vifungo, anatabasamu polepole. Halafu anageuka kutazama mlangoni. Anavuta pazia. Mzee wa kitambi anakunywa, macho yanamlegea, anashuka kitini mpaka magotini. "Nimekwisha," anasema. "Nifanye utakavyo."

"Ehee!" jirani alipiga makofi. "Nilijua tu! Nikasema huyu mzee hawezi kupenda hivihivi, kashalishwa! Mama, umetisha, wallahi umetisha!"

Watu walicheka. Hawakuwa na nia mbaya, walicheka kama walivyocheka miaka yote. Mama Vifungo hakuwa anawatazama wao. Alimtazama Fundi Friji. Mzee naye alikuwa anacheka, amechelewa kidogo nyuma ya wenzake, na huku anacheka alikuwa anashusha kikombe chake taratibu, kama mtu anayeweka yai, mpaka kikakaa sakafuni chini ya kiti. Kilikuwa kimejaa.

Mchezo ulipokwisha alikuwa wa kwanza kusimama. "Nimekumbuka," alisema, "nimeacha jokofu la mtu liko wazi."

Watu walipoondoka, Mama Vifungo alikaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Mkono ule haukuwa wake. Lakini aliujua. Ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umegawanyika katikati, kwa mstari mwembamba kama wa kalamu. Sindano ya cherehani yake ndiyo iliyoupasua, zamani, binti yake alipokuwa mtoto akatia kidole palipokatazwa. Damu ile aliifunga yeye mwenyewe kwa kipande cha pindo, huku analia kuliko mtoto.

Asubuhi alikwenda kliniki ya meno. Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye benchi, kila mmoja ameshika shavu lake. Binti alikuwa nyuma ya kaunta, anapanga kadi.

"Shikamoo, mama. Mbona mapema? Jino?"

"Nipe mkono."

"Mama, niko kazini."

"Naona. Nipe mkono."

Binti aliutoa, akauweka kaunta kama anayetaka kupimwa. Mama Vifungo aliugeuza, akapitisha kidole gumba juu ya ule ukucha.

"Kaka yako alikuomba lini?"

"Ulipokwenda kutafuta uzi." Binti alisema akiangalia kadi. "Alisema anataka mkono tu."

"Mkono wa kufanya nini, alikwambia?"

Mwanamume mmoja mwenye shavu lililovimba alisogea kwenye benchi ili asikie vizuri.

"Nakuuliza. Alikwambia?"

"Alikuwa amekwama, mama. Alinipigia simu akasema picha ni nzuri lakini hazina mbele wala nyuma. Nami nikamwambia ukweli. Nikasema hakuna mtu atakayeamini, mzee mwenye akili zake amfuate tu bibi mshonaji. Nikasema labda kuwe na dawa."

"Wewe ndiye uliyesema."

"Nilisema tu kama wazo."

Mama Vifungo aliuachia mkono. Alitaka kuuliza kama ilikuwa hasira, au aibu, au ile hofu ya njia ya kupita, lakini aliona kwamba jibu lolote lingekuwa lilelile.

"Basi hata wewe, niliyekuzaa, huamini kuwa mtu anaweza kunipenda hivihivi."

"Mama, mimi sikusema hivyo!"

"Hukusema. Ulikoroga."

"Dada," mwenye shavu akauliza kwa taabu, "zamu yangu bado?"

Binti alianza kulia pale pale, kadi mkononi. Mama Vifungo alipita kati ya wagonjwa, akasalimia kwa kichwa, akatoka.

Fundi Friji alipita baada ya siku kadhaa. Alibisha mlango kwa ukucha kama kawaida yake, lakini hakufika kwenye kigoda. Alisimama palepale mlangoni, kofia mkononi, anaitazama kofia.

"Karibu ndani."

"Napita tu, mama. Kazi nyingi." Akaigeuza kofia. "Unajua mimi siamini mambo yale."

"Najua."

"Ila pale karakana wamenishika. Kila nikifungua chakula wanataka kunusa kwanza. Ni utani. Na wanangu nao wamepiga simu, wote, siku moja. Wanasema, baba, hebu ngoja kwanza. Ngoja upepo upite."

"Upepo gani?"

"Maneno ya watu."

Mama Vifungo aliacha kukanyaga cherehani. "Chai ya Jumapili, mbona hukuinywa?"

"Ilikuwa imepoa."

"Uliiweka chini inatoa mvuke."

Mzee alikuwa mtu mwema, na uongo ulimkalia vibaya kama koti la kuazima. "Mkono wangu tu ulikataa kukiinua kikombe," alisema mwishowe. "Mimi mwenyewe sijui kwa nini. Nipe muda."

"Muda unao," alimwambia. "Nenda salama."

Wiki hiyohiyo kundi lilifika na vyombo vyake. Hawakupiga hodi, hapo palikuwa kama kwao. Waliingiza taa, wakasukuma meza ya kukatia mpaka ukutani, wakatandaza nyaya. Dairekta aliingia wa mwisho, amekumbatia kitambaa kipya, uso unang'aa.

"Mama Mdogo, tumepasua! Kituo wanataka iendelee. Simu hazishikiki. Watu wanasema bibi yule anatisha kuliko zamani, kwa sababu anatabasamu. Hiki nimekuletea, ujishonee upendavyo."

Alikiweka mapajani mwake. Mama Vifungo alikitoa, akakiweka juu ya kiti.

"Nilikuomba nini mimi?"

Dairekta alikaa kwenye kigoda. Alishusha sauti ili wenzake wasisikie, lakini chumba kilikuwa kidogo, na wote walijifanya wanakagua nyaya. "Nilianza kwa moyo mmoja, nakuapia. Halafu nikakaa na zile picha, nikaona zimelala. Mzee na bibi wanakunywa chai. Nani ataangalia?"

"Mimi ningeangalia."

"Wewe mmoja."

"Yule mzee wako wa kitambi anapendwa kila mwezi na watoto wadogo. Hajawahi kuwekewa unga kwenye chai."

"Yule ni mwanamume, Mama Mdogo. Usinilaumu mimi, sikuwaumba watazamaji."

"Basi ungeniambia. Ungesema, mama, nimeshindwa, nakurudisha uchawini. Mimi uchawi wako nimeuzoea. Mbona hukuniambia?"

Dairekta alikuna shingo. Alikuna vilevile alipokuwa mtoto, akiulizwa nani kavunja sahani. "Ningekwambia, usingeweza kutabasamu vile," alisema. "Lile tabasamu halichezeki. Lilikuwa la kweli. Nililihitaji la kweli."

Mnasa sauti aliinua kichwa, akakiinamisha haraka.

Mama Vifungo alikuwa amedhani kwamba ameibiwa hadithi, na hadithi mtu anaweza kuisimulia upya. Sasa aliona alichochukuliwa. Kila atakapomtabasamia Fundi Friji tena, kama Fundi Friji atarudi, mzee ataona ule uso wa kwenye televisheni, na hatauona mwingine.

"Toeni taa zenu," alisema.

"Mama Mdogo..."

"Toeni. Nina sare za shule za watu, zinasubiri pindo."

Dairekta alisimama. Hasira ilimpanda, ile ya mtu anayejua kwamba kituo kinasubiri na wenzake wanatazama. "Sawa. Nitachukua msichana yeyote, nimpake poda nyeupe kichwani, nimchore mikunjo, nimvike lile gauni la pili. Nani atajua?"

"Mkono mlikwisha kuupata," Mama Vifungo alisema. "Tafuteni na uso."

Hakuna aliyecheka. Waliviringisha nyaya, wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja akimuaga kwa sauti ndogo. Mnasa sauti alisema, "Samahani, mama," ingawa yeye hakuwa na kosa. Dairekta alibaki.

"Mimi ni mwanao," alisema. "Umenilea wewe."

Mama Vifungo aliinuka, akashika ncha ya meza ya kukatia waliyoisukuma ukutani, akaanza kuirudisha mahali pake. Ilikuwa nzito, miguu yake ikilia kwenye saruji. Dairekta akaja mbio kushika upande wa pili.

"Acha," alimwambia.

Akaachia. Mama Vifungo aliivuta peke yake, akapumzika, akaivuta tena.